Shilingi ya Bodi Inalala Uani Kwangu

Anayeishi jirani na chuo kikuu haambiwi kwamba bumu limetoka. Anaona mwenyewe. Muuza chipsi ambaye jana alikuita "bosi wangu" leo anakwambia subiri, kuna oda ya watu. Bodaboda wa kijiweni, aliyekuwa akikubali buku wiki nzima bila kuguna, anataka elfu mbili kwa safari ileile na hata usoni hakutazami. Saluni zinakesha. Duka la simu linafungulia spika mpaka madirisha ya msikiti yanatetemeka. Mke wangu naye akirudi sokoni anatangaza kwamba nyanya zimepanda, utadhani wanafunzi wanakula nyanya na sisi tunakula mawe.

Kwa asiyejua, bumu ni ile fedha ya chakula na malazi ambayo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu humpa mwanafunzi kila baada ya miezi miwili hivi. Ilikuwa Sh 8,500 kwa siku, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni Sh 10,000. Zidisha mara siku 60, unapata laki sita. Laki sita hizo zinaingia kwa mpigo kwenye simu ya kijana wa miaka 20 ambaye tangu azaliwe hajawahi kushika zaidi ya nauli na chenji ya sukari, halafu watu wazima tunakaa barazani kushangaa kwamba hajui bajeti.

Mimi nina vyumba vitatu vya uani, na vyote vina wanafunzi. Iliposikika kwamba elfu nane na mia tano imekuwa elfu kumi, wenye nyumba wa mtaa wetu hatukuitisha kikao. Kikao cha nini? Kila mmoja alipandisha kodi kimyakimya, kwa kiasi kilekile, mwezi uleule, na kila mmoja akataja sababu yake. Mimi nilisingizia bei ya saruji, ingawa nyumba ilikwisha kujengwa zamani.

Lakini kabla hamjaniita mnyonyaji, sikilizeni. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na mimi pia ni mdaiwa wa mkopo wa elimu ya juu. Kila mwisho wa mwezi mshahara wangu wa msingi unakatwa asilimia 15 kabla sijausalimia. Kwa hiyo serikali inamkopesha mpangaji, mpangaji ananilipa kodi, mimi nakatwa na kuirudisha serikalini, na serikali inamkopesha mpangaji mwingine ambaye naye anatafuta chumba. Naamini kabisa kuna noti moja ya elfu kumi, yenye kona iliyoliwa, ambayo mimi nayo tumeshafahamiana.

Sasa nije kwa wapangaji wenyewe. Majina yao nayaacha. Hapa nyumbani tunawaita kwa asilimia walizopangiwa: Mia, Arobaini na Sifuri. Msidhani tunawadhalilisha, jina la Sifuri alijipa mwenyewe. Wote watatu wanasoma uhasibu, mwaka mmoja, darasa moja, wahadhiri walewale wanaowanung'unikia kwa sauti moja ukutani kwangu usiku. Ukiwapanga mstari huwezi kujua nani ni nani. Subiri wiki ya mitihani ndipo utawajua.

Mia ni yatima, na vyeti vyake vyote vilikaa sawa. Akapewa kila kitu: ada kamili, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mpaka fedha ya mafunzo kwa vitendo. Bumu lake la kwanza lilipoingia, alinunua spika yenye besi. Nikaenda kugonga mlango saa sita usiku.

"Shikamoo mwalimu. Samahani, nilikuwa najaribu tu."

"Marahaba. Umejaribu tangu saa moja, haijajulikana tu kama inalia?"

Bumu lake linaisha wiki ya tano. Kuanzia hapo Mia anapiga pasi ndefu, yaani anaruka chai, anaruka na chakula cha mchana, anakula saa kumi mlo mmoja mzito unaojifanya ni mitatu. Anaweka na mikeka ya mpira kwa pesa anazokopa kwa Sifuri. Kwa macho yangu ya ualimu huyu ni kijana wa kawaida kabisa, hana maajabu. Lakini anafaulu. Hana sapu hata moja, yaani hajawahi kurudia mtihani. Nimekaa nikamchunguza nijue siri yake, na siri ni hii: hakuna anayemtoa Mia darasani. Ada imelipwa, jina lipo kwenye orodha, namba ya mtihani anayo. Hata akiwa na njaa, ni njaa ya kujitakia, na anajua tarehe itakayoisha.

Arobaini ndiye ananikosesha usingizi, na yeye hana hata redio. Ni binti wa mkulima wa ufuta. Chakula na malazi alipewa kamili, ila ada alipewa asilimia 40. Ukisikia hivyo barabarani utasema huyu naye amepata mkopo, ashukuru. Mimi ni mwalimu wa hisabati, nipe chaki. Ada ya kozi yao ni milioni moja na laki tatu kwa mwaka. Asilimia 40 ni laki tano na elfu ishirini. Zinabaki laki saba na themanini, na kwa muhula mmoja ni laki tatu na tisini. Baba anasubiri ufuta ununuliwe. Ufuta una msimu wake, na chuo kina msimu wake, na hiyo misimu haijawahi kukaa meza moja. Kwa hiyo bumu la laki sita likiingia, laki tatu na tisini inakwenda ada, laki moja inakuja kwangu, kodi ya miezi miwili. Zinabaki laki moja na elfu kumi za siku 60.

Gawanya. Ni Sh 1,833 kwa siku. Sahani ya wali maharage kwa mama ntilie wa getini ni Sh 2,000, na hiyo ni bila mboga ya majani.

Yaani fedha iliyotolewa ili binti ale, inalipa ada, na ada isipolipwa anayezuiwa ni yuleyule binti. Muhula uliopita pesa zilichelewa, akachelewa kusajiliwa, testi ya kwanza ikampita. Alama za testi zinaingia kwenye matokeo ya mwisho, kwa hiyo alianza mtihani akiwa nyuma ya wenzake kabla hajaandika namba yake. Akaenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ambayo ukikopa Jumatatu, Ijumaa wanakuja kubeba godoro. Haina dirisha la rufaa ile, wala afisa mikopo wa kumbembeleza. Nilitoka nje nikakuta vijana wawili wamesimama mlangoni kwake wanamuuliza mke wangu kama godoro ni la mpangaji au la nyumba. Mke wangu akasema ni la nyumba. Na tangu siku hiyo ni la nyumba kweli, kwa sababu hakuna aliyethubutu kulirudia lile jambo.

Mtu atauliza, kwani wewe mwenye nyumba usimpunguzie kodi? Swali zuri. Nendeni mkaulize pia SACCOS yetu kama itanipunguzia rejesho la mkopo niliojengea hivyo vyumba.

Sifuri hakupata kitu. Sababu tulikuja kuigundua baadaye, tena kwa kukisia: sekondari alisoma shule binafsi ya bei, kwa sababu mapadri walimwona ana akili wakamlipia. Kwenye fomu inaonekana shule, mapadri hawaonekani. Anayekuangalia kwa karatasi anaona familia yenye uwezo wa kulipa mamilioni kidato cha kwanza mpaka cha nne, na familia yenyewe ni mama mmoja na genge la ndizi. Alikata rufaa. Rufaa ikajibiwa kwa ukimya.

Basi Sifuri akanunua printa chakavu, akaomba baraza yangu, akafungua steshenari. Anachapa, anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti. Na kila mwaka dirisha la maombi ya mikopo linapofunguliwa, nani unadhani ndiye bingwa wa kujaza fomu za mkopo mtaa mzima? Sifuri. Yeye aliyenyimwa ndiye anawajazia wenzake, kwa elfu tano, na wengi wao wanapata. Anajua kila kipengele: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, mwenyekiti wa mtaa agonge mhuri, wakili asaini, namba ya kaya ya TASAF kama ipo, picha ya mdhamini. Nimekaa naye pale barazani nikaona mambo.

Alikuja mzee mmoja na mjukuu, wametoka kijijini na basi la alfajiri, vyeti wamevifunga kwenye mfuko wa nailoni na raba. Sifuri akavipanga mezani, akavitazama, akavitazama tena.

"Mzee wangu, cheti cha kifo kimeandikwa Mwanaidi. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mama yake kaandikwa Mwanahidi."

"Ndiye huyohuyo, mwanangu."

"Naelewa, mzee wangu. Lakini kwa mfumo hawa ni watu wawili. Mmoja amefariki, mwingine yuko hai na anaweza kulipa ada."

Mzee akanyamaza kidogo. "Mwanangu, mimi ndiye baba yake. Nimemzaa mmoja, nimemzika mmoja."

Wakapelekwa kwa wakili kula kiapo kwamba marehemu ni mtu mmoja. Kiapo kililipiwa. Herufi moja tu hiyo, haijulikani aliiongeza nani na mwaka gani, ikala nauli ya kurudi. Sifuri aliwajazia bure, akaniomba mimi nimsamehe umeme wa siku ile. Mimi na umeme wangu tukasamehe.

Mkiniuliza kati ya hawa watatu nani ana akili zaidi, nitajibu bila kusita kwamba ni Sifuri. Na matokeo yake ndiyo ya mwisho. Pindi la saa moja asubuhi anaingia kama mgeni rasmi, mara moja moja. Usiku wa kusoma ndio usiku wa kuchapa ripoti za fildi za wengine. Sapu anazo, zinamjia kila mwaka, na kila anayemwona nazo anasema kijana alipenda hela mapema. Kodi lakini analipa tarehe moja, kamili, haijawahi kuchelewa. Kama chuo kingetoa shahada ya kulipa kodi, huyu angekuwa profesa.

Kwa hiyo watu wanapobishana redioni kama mikopo inasaidia wanafunzi kufaulu, mimi napunguza sauti. Inasaidia, hata kipofu anaona. Mia bila mkopo angekuwa shambani kwa shangazi yake, na besi asingeijua. Ila nusu mkopo si nusu ya msaada. Arobaini ameingizwa chuoni na mkopo, halafu mkopo huohuo umemwacha katikati ya korido: hana uwezo wa kumaliza vizuri, na kurudi nyumbani hawezi kwa sababu deni limeshaanza kuhesabiwa. Bora mniambie nisije kuliko kunilipia nauli ya kwenda tu.

Deni lenyewe nalo lina visa vyake, na hapo ndipo mimi ninapotoa leso. Sheria ya bodi ilitungwa 2004, kazi ikaanza 2005, na wanaodaiwa wanaanzia wale waliosoma tangu 1994. Tulipokuwa tunasaini fomu, rejesho lilikuwa asilimia 8 ya mshahara. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, asilimia 8 ikawa 15, na iliwakuta mpaka sisi tuliokwisha kuzoea umaskini wa asilimia 8. Slipu ya mwezi huo ilipita staffroom nzima mkono kwa mkono. Kuna mwalimu mwenye mkopo wa benki alikuta ile theluthi ya mshahara inayotakiwa kubaki haipo tena, imeliwa.

Na kulikuwa na kitu kinaitwa tozo ya kutunza thamani ya mkopo, asilimia 6 kila mwaka. Nipeni chaki tena. Mwalimu mpya mwenye shahada wakati huo alikuwa na mshahara wa msingi wa Sh 716,000. Asilimia 8 yake ni Sh 57,280 kwa mwezi, kwa mwaka Sh 687,360. Sasa chukua anayedaiwa milioni 12. Asilimia 6 ya milioni 12 ni Sh 720,000. Yaani, kwa hesabu ya harakaharaka, amekatwa mwaka mzima, Januari mpaka Desemba, Krismasi amekula dagaa, na deni limeongezeka Sh 32,640. Thamani ya mkopo ilitunzwa sana. Ya mwalimu ndiyo haikuwa na tozo ya kuitunza.

Tozo ile ilifutwa. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta Mei Mosi 2021 pale Mwanza, na nasema kweli, sherehe za wafanyakazi nimezihudhuria nyingi kwa ajili ya fulana, ila siku hiyo nilipiga makofi kwa ajili ya hotuba. Kwa asilimia 15 bila ile sita, angalau ukikatwa deni linashuka. Mambo madogo haya ya deni kushuka ukilipa, ndiyo tunayoita maendeleo.

Mtaani kwetu kuna mzee mstaafu aliyesoma Mlimani enzi za Mwalimu Nyerere, wakati nchi nzima ina chuo kikuu kimoja. Kila nikilalamika ananikata kauli. "Sisi tulisomeshwa bure, mwalimu. Tulilishwa. Nguo tulifuliwa." Huwa anaisema ile ya nguo taratibu, anaitafuna. Najua mlikuwa wachache, mzee wangu, na mlipitishwa JKT kwanza. Mwaka 2024/25 bajeti ya mikopo ilifika Sh bilioni 787 na bado Sifuri yupo barazani kwangu. Bure ya watu elfu chache na mkopo wa watu laki kadhaa si hesabu moja. Hilo nalielewa. Lakini mtu akikusimulia kufuliwa nguo wakati wewe umekatwa asilimia 15, uelewa unapungua.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba mkopo hauamui tu kama utasoma. Unaamua pia utasoma nini. Mimi nilitaka sheria. Nilikuwa naongea vizuri, mkorofi kidogo, sifa zote ninazo. Ila ikasikika kwamba kozi za kipaumbele ndizo zinazopata mkopo kwanza: udaktari, uhandisi, ualimu wa sayansi na hisabati. Darasa letu zima likapata wito wa ualimu wiki moja. Usiku mmoja tu tulikuwa mawakili na mapailoti, asubuhi wote tunapenda watoto. Nchi ilitaka walimu wa hisabati na ikatupata, sina ubishi. Halafu tukahitimu, ajira zikawa za kusubiri mtandaoni, na baadhi ya waliopata wito pamoja nami wanaendesha bodaboda mpaka leo, pengine mmojawapo ndiye ananitoza elfu mbili bumu likitoka. Wao mshahara hawana, kwa hiyo kuwakata ni kazi. Sisi wa mshahara ndio tunaokamatika, hatukimbii, tuko kwenye mfumo na picha zetu.

Juzi amekuja mpwa wangu kutoka Kilosa na mama yake, dada yangu; binti amemaliza kidato cha sita. Huyu mtoto anachora na kushona nguo tangu darasa la tano, gauni alilovaa Pasaka watu walimsimamisha njiani kuuliza fundi. Amekaa kwenye kochi na fomu mapajani.

"Anko, naomba uwe mdhamini wangu."

"Sawa. Unaomba kozi gani?"

"Ualimu. Hisabati na fizikia."

"Hisabati unaipenda?"

"Anko, wanasema huko mkopo unatoka."

Nikatazama slipu yangu ya mshahara iliyokuwa juu ya friji, nikamtazama na mama yake aliyekuwa ananitazama mimi. Nikasaini. Fomu inataka na picha ya mdhamini, tukatoka barazani kwa Sifuri kupiga pasipoti. Nilidhani mwenye baraza atapigwa bure. Sifuri akaniambia, kwa heshima zote, ni elfu tatu, mwalimu, na ukitaka zitoke nne ni elfu tatu na mia tano.